Dakika ya Alhamdu Mbili

Jumatatu, 1 Septemba

Sukari asubuhi 9.2. Sindano ya tumbo. Chai kavu, muhogo vipande viwili. Moyo 104, na sijafanya kitu ila kukaa barazani.

Kazi mpya hii, kuhesabu moyo. Daktari kanipa karatasi ina safu mbili, na nyengine kama hiyo ya ziada. Ya kwanza "Umekaa". Ya pili "Umepanda", yaani mara tu ninapofika juu ya kilima, kabla sijatua pumzi. Wiki mbili nimjazie. Kilima ruhusa, mti hapana. Mti kaukataza mpaka azione namba.

Yote haya ni ya Julai. Nilikuwa juu ya mkarafuu nakata matawi makavu. Ndugu yangu Kombo akanikuta nimelikumbatia tawi, macho wazi, ananiita simjibu. Sukari ilikuwa 2.1. Alinimiminia maji ya sukari mdomoni huko huko juu. Zamani sukari ikishuka moyo ulikuwa unanipigia hodi. Unagonga, jasho linanitoka, mikono inatetemeka. Nikajua. Nikashuka, nikala, basi. Siku ile hodi haikupigwa.

Daktari anasema nina kisukari tangu nina miaka kumi na moja, sasa nina thelathini na sita, na miaka yote hiyo huenda imekula mishipa ya fahamu inayouambia moyo ukimbie. Huenda. Ndiyo maana ya karatasi. Nikipanda na moyo ukapanda, mishipa ingali hai, tutazungumza. Nikipanda na moyo ukakaa pale pale, basi hautanionya tena, na mti ni marufuku maisha.

Maisha! Kasema hivyo hivyo, huku anatafuta kalamu.

Riziki anataka nitumie simu yake kupimia dakika. Mke wangu ana simu iliyopasuka kioo, na kila ukiishika inalia salamu za vikundi vya harusi. Siitaki. Nasomesha watoto Kurani mwaka wa kumi na nne huu. Sura ya Alhamdu mara mbili kwa tartili, taratibu, ni dakika kamili. Nimeipima mara tatu kwa saa ya ukutani pale chuoni, sekunde sitini, haizidi haipungui. Vidole vya kushoto shingoni, tasbihi mkono wa kulia, kila pigo punje moja. Mdomo unasoma, mkono unahesabu. Riziki kacheka mpaka kashika mbavu. Acheke.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeteremka kisimani na ndoo mbili, nimepanda nazo mpaka uani bila ya kusimama. Nimekaa: 102. Nimepanda: 133.

133! Nimeandika kwa wino mzito.

Nilikuwa nahema sana. Alhamdu ilinitoka vipande vipande. Lakini nilisoma zote mbili mpaka amina.

Ijumaa, 5 Septemba

103. 138.

Baada ya sala Kombo kaja. Kanambia karafuu zimeanza kuingia wekundu upande wa jua, na Bi Mkubwa umezaa mpaka matawi yameinama. Bi Mkubwa ni mkarafuu wetu wa bondeni, ndio mrefu kuliko yote alotuachia baba. Baba alinipandisha juu yake nina miaka tisa. Alinisukuma makalio kwa bega lake, hakunipa ngazi. Nilipougua, mama akasema basi, mtoto huyu asipande tena. Msimu uliofuata baba akanitia kipande cha halua mfukoni akanisukuma vile vile.

Tangu hapo sijakosa msimu hata mmoja. Watu wanadhani mie ni maalim tu, mtu wa kukaa kitako na bakora. Ninapokuwa juu ya mti, sina maradhi. Hilo sijamwambia mtu. Chini nina sindano, nina kipimo, nina chupa ya dawa ndani ya mtungi wa maji isipate joto. Juu nina mikono miwili na ngoe ya kuvutia matawi, na kikapu.

Sitaki kukaa kwenye jamvi kuchambua karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, pamoja na wanawake. Sitaki. Nimeliandika.

Jumapili, 7 Septemba

Siku mbaya.

Chuoni nilikuwa nasomesha. Nikasoma aya, watoto wakaitikia. Nikasoma tena. Wakaitikia. Wananambia baadaye niliisoma aya ile ile mara sita, na mara ya saba nilinyamaza nikawa nautazama ukuta. Mkubwa wao akakimbia kumwita Riziki. Riziki alinikamata taya kama anayemnywesha mbuzi dawa.

Sukari 2.4. Shati kavu. Mikono imetulia. Nilipopata akili tu nikatia vidole shingoni. 103.

Sukari inaniua na moyo umekaa kitako, 103, kama hajaambiwa mtu.

Hii sikuiandika kwenye karatasi ya daktari. Yeye kauliza kilima, hakuuliza chuo.

Jumanne, 9 Septemba

102. 140. Ndoo zimejaa hadi ukingoni.

Riziki kaniuliza ya Jumapili nimeiandika wapi. Nikamwambia kwenye daftari langu. Akasema daktari hasomi daftari lako. Akaongeza, "Mficha maradhi kilio humuumbua." Kisha akaenda zake kukuna nazi. Nazi nzima kaikuna kwa hasira, nimesikia mbuzi inavyolia.

Namba 140 ni namba ya mzima. Namba haisemi uongo.

Ijumaa, 12 Septemba

104. 136. Nimejipima kwa kilima cha msikitini, hakina mawe.

Jumanne, 16 Septemba

Hospitali. Nimepanda gari ya alfajiri, nimefika nikiwa wa nane kwenye benchi.

Daktari kaisoma karatasi yote, kidole kinashuka safu ya pili. 133, 138, 140, 136. Kainua nyusi. Kasema, "Maalim, hizi nzuri kuliko nilivyotarajia." Kaniuliza natumia saa gani. Nikamjibu, "Saa yangu mwenyewe." Wala si uongo. Nje kulikuwa na watu thelathini wanasubiri, na mtoto mmoja analia kwa sauti nyembamba isiyokatika. Hakuuliza tena.

Kaniruhusu. Kwa masharti. Nipime sukari kabla ya kupanda. Kila nusu saa nishuke nipime tena. Nisiwe peke yangu mtini. Mfukoni kitu kitamu daima. Nikamwambia hilo la kitamu nimefundishwa zamani.

Nilitoka pale mwepesi. Nimemnunulia Riziki kanga. Kaipokea, kaisoma jina, kaikunja, kaitia kabatini. Asante kasema. Kicheko hakuna.

Jumamosi, 20 Septemba

Wachumaji wamefika kutoka Msuka, wamepiga dago, kambi yao, bondeni kwa jirani. Usiku uliopita wameimba. Kombo anawaponda, ati wanachuma kama wanagombana na mti, wanavunja tawi wapate kishada. Kweli. Tawi la mkarafuu likivunjwa, misimu mitatu unaliona jeraha.

Bi Mkubwa hatoguswa na mgeni. Alhamisi tunaanza, mie na Kombo.

Leo 103. Sikupima ya pili. Ya nini tena.

Jumatatu, 22 Septemba

Yarabi.

Nataka niandike kama ilivyokuwa. Chuoni, alasiri. Kijana mmoja kachelewa, kaja mbio kutoka skuli, kaingia anahema, kakaa. Nikamwambia asome Alhamdu kwa adabu ya kuchelewa. Akasoma. Neno moja, pumzi. Neno moja, pumzi. Anasimama pasipo na kituo. Wenziwe wanacheka. Nikamwambia, "Tulia kwanza baba, unairefusha. Alhamdu yako leo ndefu kama Yasini."

Maneno yangu mwenyewe. Yalinitoka, kisha yakanirudia.

Nikaitazama saa ya ukutani. Nikamwambia asome tena, vile vile, asitulie. Sekunde arubaini na mbili. Nikamwacha apumzike, asome tena. Thelathini na moja.

Nilivunja chuo mapema. Watoto walidhani naumwa.

Nilipokaa, dakika yangu ilikuwa dakika. Nilipopanda nilikuwa nahema, Alhamdu mbili zikawa dakika na robo, huenda na zaidi, na mie naendelea kuvuta punje. Punje nyingi kwa sababu dakika ndefu. Namba zote zile, 133, 138, 140. Nilikuwa nahesabu pumzi. Moyo sikuuhesabu hata siku moja.

Nimeyafanya maneno ya Mungu kuwa saa yangu, kwa kiburi, ili niwaoneshe watu mie maalim. Astaghfirullah. Alhamdu haina kosa. Kosa langu.

Jumanne, 23 Septemba

Nimemwazima Kombo saa yake, ile ina mshale wa sekunde. Kaniuliza ya nini. Nikamwambia ya chuoni imekufa betri.

Ndoo mbili, kisima, kilima. Nimekaa 104. Nimepanda 109.

Nikarudi kisimani. Nimepanda mbio. 108.

Mara ya tatu nilipanda mpaka nikatapika kwenye mgomba. Nikashika shingo, nikautazama mshale unazunguka. Kifua kinawaka, miguu haina nguvu, mapafu yanataka kutoka nje. 110.

Hauendi. Nimeupigia hodi mie, nao hauitiki.

Nimemrejeshea Kombo saa. Alikuwa anasuka pakacha. Tulisemezana mawili matatu ya karafuu nikaondoka.

Jumatano, 24 Septemba

Sijamwambia Riziki. Sijamwambia mtu.

Niwaambie nini? Daktari karuhusu. Karatasi anayo yeye, imeandikwa kwa mkono wangu, ina 140. Kesho ni Alhamisi. Kikapu kimefungwa kamba mpya.

Nikisema leo, kesho nipo jamvini. Na mwaka wa kesho nipo jamvini. Na nikizikwa watasema alikuwa mchambuzi mzuri wa makonyo. Najua ninachokifanya. Sitaki kujidanganya kwamba sijui. Nataka msimu mmoja. Mmoja, kisha nitasema.

Alhamisi, 25 Septemba

Sukari 10.1. Halua mfukoni. Nimepanda.

Sina la kuandika kubwa. Nimechuma kikapu baada ya kikapu. Nimeshuka kila nusu saa kama nilivyoamrishwa, nikapima, nikapanda. Harufu imeniingia mpaka kwenye kucha. Nimefurahi. Naandika tena: nimefurahi.

Kombo kaniudhi kidogo. Mti mpana, kila mtu ana upande wake tangu enzi za baba, mie mashariki yeye magharibi. Leo kashikilia kukaa chini ya miguu yangu. Nikienda tawi hili, yupo. Nikapaza sauti, "We Kombo, umekuwa kupe?" Akanambia upande wake una siafu.

Ijumaa, 26 Septemba

Asubuhi tu, kisha sala. 9.6. Vikapu vinne. Kombo chini yangu tena. Siafu gani hao siku mbili?

Riziki ananipima kwa macho. Kapika samaki wa kuchoma na ndizi, kaniwekea sahani, kakaa kunitazama nala. Kasema, "Unakula kama mtu anayeondoka."

Jumapili, 28 Septemba

Ya jana naiandika leo. Jana nisingeweza.

Ilikuwa Jumamosi. Sukari kabla ya kupanda 7.8. Nusu saa ya kwanza nilishuka. Ya pili nilikuwa kileleni, vishada vyekundu vimenizunguka, nikasema namalizia tawi hili. Nikamalizia na la pili. Sikusikia kitu. Hapana hodi, hapana jasho. Halua ilikuwa mfukoni mwangu, ningenyoosha mkono tu.

Baada ya hapo sina kumbukumbu. Wengine wamenisimulia.

Kombo aliniita, sikumjibu. Akapanda juu kunifuata. Akakanyaga tawi kavu. Tawi lile mie ndiye niliyekuwa nalikata Julai, sikulimaliza, likabaki. Lilivunjika. Kaanguka mpaka chini.

Vijana wa Msuka walisikia kishindo wakaja mbio. Wawili walimbeba yeye. Wawili wakapanda, wakanifunga kamba kifuani, wakaniteremsha kama gunia. Hao hao tuliokuwa tukiwaponda.

Nimezindukana chini, sukari imejaa mdomoni, wanawake wanalia. Nikadhani wananililia mie. Nikawaambia, "Nyamazeni, mie mzima." Hakuna aliyenitazama.

Kombo kavunjika mguu wa kulia, mfupa wa muundi, pande mbili. Na mbavu.

Nilitia vidole shingoni, mazoea tu. Ndugu yangu kalala pale mguu umegeuka. Moyo wangu ulikuwa ule ule.

Jumanne, 30 Septemba

Hospitali. Kwanza wodini. Kombo kalala, mguu umefungwa plasta, usingizi wa dawa. Sikumwamsha.

Kisha kwa daktari. Nikamwambia yote. Alhamdu, tasbihi, saa ya Kombo, Jumapili ile ya chuoni, yote. Nilitarajia anifokee. Nilitaka anifokee. Kavua saa yake akanambia tutoke.

Ngazi za hospitali, juu na chini mara tano, yeye kasimama chini, kisha vidole vyake mkononi mwangu. Kabla, 105. Baada, 110. Tulikaa kwenye ngazi ya mwisho. Watu wanatupita.

Kasema mishipa ikishakufa hana dawa ya kuirejesha. Sukari ikitulia, labda ile iliyobaki itabaki. Labda. Nisipande mti, nisiende baharini peke yangu, nisitembee masafa peke yangu. Nipime mara sita kwa siku, maana mwili wangu hautanambia kitu. Nikamwuliza mpaka lini. Nikaona haya kwa kuuliza.

Kisha kasema, "Ningekuuliza vizuri ile siku. Saa gani." Nikamwambia, "Daktari, mie ndiye niliyekujibu."

Jumatano, 1 Oktoba

Nimemwambia Riziki. Kasikiliza mpaka mwisho. Kaitoa ile kanga kabatini, kanirushia, katoka uani. Kanga ile imeandikwa mapenzi na subira. Sijui alitaka nisome lipi.

Jioni karudi, kanipima sukari mwenyewe. Mkono wake ulikuwa mkali. Kasema, "Ungeniacha mjane kwa sababu ya karafuu." Nikamwambia si karafuu. Akaniuliza ni nini basi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mie na Kombo hatupandi. Karafuu zikikawia zinafunguka, zinaharibika. Nimekwenda mwenyewe dagoni kwa watu wa Msuka kuwaomba. Wamekubali kwa heshima, wamenipa pole, wameniita maalim.

Leo wameingia Bi Mkubwa. Nilikaa jamvini. Nilikuwa nachambua, konyo huku, karafuu huku. Kila tawi likivunjika nasikia. Nilihesabu saba. Baada ya hapo nikaacha kuhesabu.

Bi mmoja mzee pembeni yangu kanambia mikono yangu myepesi, nitazoea.

Ijumaa, 10 Oktoba

8.8. 11.3. 6.0. 4.1, nimekula. 9.9. 7.2.

Ndio siku nzima hiyo.

Jumanne, 14 Oktoba

Kombo karudi nyumbani kwake, magongo mawili. Kila mtu kaenda kumpa pole. Mie nimemtuma Riziki ampelekee samaki. Nimefika mpaka kona ya nyumba yake, nimesikia sauti yake anacheka na watu, nikarudi.

Watu wanasema ajali haina kinga. Wananambia na mie, wanadhani naumia kwa ajali. Hii ilikuwa na kinga. Ilikuwa na kinga tangu Jumanne ile, na kinga yenyewe ilikuwa mdomo wangu.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimekwenda. Nimekaa naye barazani, alasiri. Mkewe kanletea maji kaondoka.

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nikasema zile namba zilikuwa za uongo, nikasema nilijua siku mbili kabla hatujapanda, nikasema saa ya chuoni haikufa betri.

Kombo alikuwa anakwaruza plasta kwa kijiti. Akasema, "Najua."

Nikamwuliza unajua nini.

"Najua. Siku ile ulonletea saa. Ulikuwa na matapishi kwenye shati, umelowa kama ulotoka pwani, na uso wako kama wa mtu aloletewa maiti. Mie si mtoto, Maalim. Ndiyo maana nikakaa chini yako."

Nikamwuliza siafu je. Akasema siafu gani.

Nikamwuliza mbona hukunizuia. Akasema, "Ungekubali?" Kisha akasema sikio la kufa halisikii dawa, akacheka, mbavu zikamuuma, akaacha.

Nililia. Mtu mzima na ndevu zangu, barazani mchana kweupe. Kombo akatazama njiani, asinione.

Akaniuliza mwaka kesho nani atapanda. Nikasema sijui. Yeye kaambiwa mguu huenda usikunjike vizuri tena. Tulikaa. Hakuna aliyesema inshallah.

Kisha kavua saa yake kanipa. Kasema ina kazi zaidi kwangu. Nikakataa, akaiacha pajani mwangu. Nikaona nifanye kitu kwa mikono yangu. Nikamwomba mkono wake, nikautafuta mshipa, nikaufuata mshale. 74. Nikamwambia ainuke, aende kwa magongo mpaka mlangoni na kurudi. Kanitukana kidogo, kainuka. Hatua thelathini labda. Karudi anahema, kaanguka kwenye kiti, nikamshika mkono pale pale.

121.

Nikarudia, nikidhani nimekosea. 119, unashuka taratibu, kama inavyotakiwa. Nilikuwa sijapata kuushika moyo unaofanya hivyo. Nilikaa nao mkononi mpaka ukarudi sabini na kitu, na Kombo hakuuvuta mkono wake.

Ile karatasi ya daktari ya ziada ninayo, imebaki na mistari mitupu. Nimerudi nyumbani nikaziandika namba zake humo. Umekaa 74. Umepanda 121. Kisha Riziki kaniita kupima sukari kabla ya magharibi. 6.7.